Mchumba anataka nichome karata zangu za taroti ndipo tuendelee na harusi

Hujambo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Donholm, Nairobi, na kazi yangu ni uhasibu katika kampuni ya kupitisha mizigo forodhani, huku Industrial Area. Nimeshindwa kulizungumza jambo hili na watu wangu. Kila ninayemgusia huanza kuniombea kabla sijamaliza.

Babangu alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi nikawa silali, na nikilala naamka saa nane usiku nimetoa macho. Rafiki yangu niliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, alikuja likizo akaniachia pakiti ya karata za taroti, zile za picha ambazo wengine huzitumia kubashiri. Nilicheka, nikazitupa kabatini. Halafu usiku mmoja stima zilipotea mtaa mzima na simu haikuwa na chaji, nikazitoa nikaanza kuangalia picha kwa mwanga wa mshumaa. Nikakutana na ya mtu aliyejifunika joho jeusi, ameinama mbele ya vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake vipo viwili vimesimama ambavyo hajaviona. Usiku huo nililia kilio ambacho hata kaburini kwa baba hakikutoka.

Tangu hapo ikawa desturi. Naamka saa kumi na moja, nachemsha chai, nachanga karata, navuta moja, naitazama, kisha naandika ukurasa kwenye daftari kabla ya kwenda stejini. Sichomi ubani, siiti pepo, simtabirii mtu. Baadaye niliagiza nyingine, zile wanazoziita orakoli, zenye maneno mafupi kama “Pumzika” au “Sema ukweli”, hizo nazitumia Jumapili jioni. Mama, zimenisaidia kweli. Nalala. Nimeweza kukaa na kaka yangu tukazungumza mambo ya shamba la baba bila kufokeana.

Sasa, nimechumbiwa. Mahari imeanza kutolewa na harusi tumeipanga Desemba. Mimi nimelelewa Mkatoliki, mwenzangu ni wa kanisa la kiroho na mamake ni shemasi huko. Mwezi uliopita alikuja kunisaidia kusogeza kabati, akazipata karata pamoja na daftari. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameketi kitandani, daftari liko wazi mapajani. Humo nimeandika mambo mengi, hata yake na mamake. Aliniambia, “Sitaki hivi vitu kwa nyumba yangu. Zichome ndio tuendelee.” Najua ananiona mchawi. Siku hizi anapiga simu za kujuliana hali tu.

Kibaya zaidi alimweleza mamangu, kule Machakos. Nilipokuwa mdogo, ng'ombe wetu walikufa wakifuatana, na wazee wakampeleka baba kwa mpiga ramli. Akaambiwa mbaya wake ni dadake mwenyewe. Shangazi hakukanyaga kwetu tena mpaka siku alipozikwa. Mama aliniambia kwa simu, “Niliapa kitu hicho hakitarudi kwangu, na wewe ndiye umekileta.” Maneno hayo yananichoma kuliko ya mchumba.

Juu ya hayo yote, kampuni imenipa barua ya kuhamia ofisi ya Mombasa, kwa cheo cha juu na mshahara mzuri zaidi. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mchumba bado sijamwambia. Nikiuliza kuhusu Mombasa, karata zinakataa. Nilivuta Mnara, ule uliopigwa na radi watu wakiporomoka kichwa chini. Nikachanga upya, nikapata mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, ameshika panga mbili. Na ndani ya wiki hiyo hiyo Mnara ukarudi. Naogopa.

Kuna pia dada mmoja ofisini aliyesikia kwamba ninazo, anataka nimvutie kuhusu mumewe, na yuko tayari kunitumia kitu kwa M-Pesa.

Nizichome, Mama? Nitawaelezaje kwamba hizi si ramli? Na Mombasa niende?

Mwenye Karata, Donholm

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole sana kwa baba. Unavyoandika, msiba huo bado uko karibu, na nafurahi kwamba umepata namna ya kulia na ya kulala.

Nikikuelewa sawasawa, umeanzisha desturi ya asubuhi iliyokutuliza, na sasa watu wawili unaowapenda wanaiona kama mlango wa mambo mabaya. Wakati huo huo una uamuzi wa kazi unaokaribia mwisho wake, na karata zinaonekana kutoa maoni juu yake. Unaniuliza mambo matatu kana kwamba ni moja. Mimi nayaona yako mbalimbali, na nadhani lile linalokuumiza zaidi hukuliuliza kabisa. Nitalifikia.

Kwanza karata zenyewe, maana naona mnagombana juu ya kitu ambacho hakuna kati yenu anayejua kilikotoka. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katikati ya karne ya 15, na ilikuwa mchezo wa watu kukaa mezani na kushindania alama. Wafaransa bado wanaucheza hivyo mpaka leo. Ubashiri ulikuja takriban miaka 300 baadaye. Mwaka 1781, Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, alichapisha maelezo kwamba picha zile ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Msomi Mfaransa, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822. Huyo Court de Gébelin alikuwa anakisia tu, lakini watu wakampokea, na biashara ikaanza.

Picha iliyokuliza ina mwenyewe pia. Ilichorwa na Pamela Colman Smith, mwanamke aliyepitisha sehemu ya utoto wake Jamaica, na karata zake zilitoka London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Katika pakiti nyingi za kabla yake, karata ya vikombe vitano ilikuwa vikombe vitano vilivyopangwa, basi. Hapakuwa na joho, wala maombolezo, wala vile viwili vya nyuma. Huyo dada ndiye aliyemweka mfiwa pale. Kwamba kazi ya mchoraji ilikugusa ukiwa na msiba ni jambo la kawaida sana, na halihitaji pepo wala malaika kulieleza. Na zile orakoli ni changa zaidi. Hazina hata idadi maalumu kama 78 za taroti. Kila mtungaji huamua zake ziwe ngapi na ziseme nini, ndiyo maana karibu zote zinasema maneno matamu.

Lakini tafadhali usiichukue historia hii ukaenda kumshindia mama hoja kule Machakos. Mama hakuumizwa na Waitalia. Aliumizwa na siku ambayo mumewe mwenye hofu aliuliza swali, akapewa jibu, na jibu hilo likawa na jina la wifi yake. Ukimwambia “hizi ni za karatasi, zile zilikuwa za kibuyu,” utakuwa umelijibu jambo ambalo hakulisema. Anachojua yeye ni kwamba mtu akiwa na wasiwasi huweza kukabidhi akili yake kwa kitu, na familia ikalipa.

Hapo ndipo naomba uisome barua yako upya nami. Unasema humtabirii mtu. Nakuamini kwa zile asubuhi. Unavuta picha, unajiuliza inakugusa wapi, unaandika. Anayejibu ni wewe. Sasa angalia ulivyoandika kuhusu Mombasa: “karata zinakataa.” Hapo aliyejibu ni nani? Umetoka kwenye “leo nina nini moyoni” ukaingia kwenye “niende au nisiende”, na sidhani uliona ulipovuka. Ukiniuliza kama karata zako ni ramli, nitakwambia zile za asubuhi sizioni hivyo, lakini hizi za Mombasa zimeanza kufanana na kile mama anachokiogopa. Anaweza kuwa amekosea kuhusu kitu chenyewe, akawa amepatia kuhusu hatari.

Kuhusu Mnara kurudi, wewe ni mhasibu, kwa hiyo tuhesabu. Ukivuta karata moja kila siku kutoka pakiti ya 78, ukiirudisha na kuchanga, uwezekano wa karata yoyote kujirudia ndani ya siku saba ni karibu asilimia 24, yaani takriban wiki moja kati ya nne. Ukifika siku ya 11 umeshapita nusu. Na wewe wiki hiyo ulikuwa unachanga na kuvuta tena, kwa hiyo uliiongezea nafasi. Ni kweli kwamba Mnara hasa kurudi ni nadra zaidi, lakini ingerudi karata ya mtu mwenye taa ungeiona ni wito wa kukaa peke yako, na ingerudi Nyota ungesema Mungu amekubali. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake kila mmoja maelezo ya tabia yake, wakayapa kwa wastani zaidi ya alama 4 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Sikuelezi haya ili nikucheke. Kama akili inaweza kujiona kwenye maneno ya jumla, basi picha nzuri yaweza kweli kutumika kuiamsha. Ila isipewe kiti cha hakimu.

Swali ninalotaka ukae nalo ni hili: ulipouona Mnara ukachanga upya, ulikuwa unatamani itoke nini? Ungefurahi karata ikikuruhusu kwenda, au ulitaka ikupe sababu ya kubaki ambayo huwezi kulaumiwa nayo? Uliandika “naogopa” mara baada ya Mnara. Nahisi hofu hiyo ilikuwepo tangu siku uliyopokea barua ya kampuni.

Sasa daftari. Umelitaja kwa kupita, ukarudi kwenye karata. Lakini mimi nikimwona kijana huyo kitandani, simwoni ameshika karata, namwona ameshika daftari. Umeniandikia alichosema, hukuniandikia alichosoma. Ukurasa gani ulikuwa wazi? Ulisema nini kumhusu, na kumhusu mamake? Alisoma mambo yako ya siri bila ruhusa, na katika barua nzima hukulalamika hata kidogo, hilo limenishangaza. Na yeye huenda alikuta humo mashaka ambayo hujawahi kumwambia usoni. Kwa mwanamume aliyeumia, kusema “choma karata” ni rahisi kuliko kusema “kumbe hivi ndivyo unavyoniona.” Simjui, huenda nimemkisia vibaya. Ila unasema “najua ananiona mchawi”, na katika maneno yake uliyoninukulia neno hilo sikuliona. Huenda umemwekea kinywani.

Wala usiichukulie imani yake kuwa ukaidi. Biblia anayoisoma, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inamtaja mtazamaji bao miongoni mwa machukizo, na mtu anaweza kulishika neno hilo kwa dhamiri safi kabisa. (Wasomaji wangu Waislamu wa Eastleigh watanikumbusha kwamba nao wana aya ya 90 ya Al-Maida.) Anaweza kuwa na majeraha ya daftari na hofu ya dini kwa pamoja. Lakini “nyumba yangu” ni neno la kulizungumza kabla ya Desemba, kwa sababu kesho halitakuwa karata. Litakuwa ndugu zako, au namna mtakavyosali na watoto.

Ungeweza kuzichoma. Watu wengi watapumua, na huenda wewe pia. Ninachohofia ni kwamba zikiisha kuwa majivu, mtaamini mmemaliza, na yale aliyoyasoma yatabaki pale pale. Tena taroti siku hizi zimejaa kwenye simu; ukizichoma kwa shinikizo, ukaja kuvuta kwa simu ukiwa chooni, utakuwa umeanza ndoa kwa kujificha. Kuzihamishia kwenye droo ya ofisi ni kujificha huko huko, na ajali yake ni kubwa zaidi akizigundua tena.

Ungeweza pia kuzipumzisha kwa muda bila kuapa chochote. Mpe dada yako au rafiki akuwekee mpaka suala la Mombasa liishe, na uendelee na chai na daftari saa ile ile. Uone asubuhi inasimamaje. Mwanasaikolojia James Pennebaker amechunguza tangu miaka ya 1980 watu wanaoandika kwa dakika 15 au 20 kuhusu mambo yanayowaumiza, na kwa wastani walinufaika kiasi bila picha yoyote mbele yao. Inawezekana kwako pia kazi kubwa ilikuwa ya kalamu. Inawezekana vilevile ukazikosa, ukagundua kwamba picha zilikuwa zinakufungua mahali ambapo maneno hayafiki, na hapo utakuwa na jambo la kweli la kumwambia mchumba badala ya kubishana juu ya ramli. Lakini ukijikuta huwezi kutoka nyumbani bila kuvuta, au usingizi ukianza tena kukukimbia, usinisubiri mimi. Mtafute mshauri nasaha aliyesomea mambo ya msiba.

Na kwa kuwa ulilelewa Mkatoliki, una kitu cha kwenu ambacho labda hukufundishwa vizuri. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha watu kuichunguza siku yao kwa utaratibu: kushukuru, kupitia saa baada ya saa yale yaliyokupa uhai na yaliyokukausha, kuomba radhi, kutazama kesho. Inakaribiana sana na unachofanya na chai yako. Siwezi kukuahidi kwamba itakugusa kama yule mwenye joho alivyokugusa. Pengine itakuwa kavu kwako, na usijilazimishe kwa ajili ya kumridhisha mama mkwe. Lakini huenda ikawa lugha ambayo wewe na mwenzako mnaweza kuitumia chumba kimoja.

Kwa mama, usimweleze kwa simu. Panda gari uende Machakos, na ukifika, kabla ya kujitetea, muulize habari za shangazi. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza ilikuwaje kumpoteza wifi yake namna ile. Mwambie pia kuhusu usiku wa mshumaa na kilio, maana naye alifiwa na mtu yule yule.

Yule dada wa ofisini, huyo mkatalie tu kwa upole. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inalifanya kosa jambo la kumtabiria mtu kwa malipo. Na hata bila sheria, akikuuliza kuhusu mumewe, ukatoka Mnara, utamwambia nini? Kwenu mnajua jibu la namna hiyo linavyoweza kusafiri.

Tukirudi Mombasa, hapa muda hautakungoja. Sitakwambia uende au ubaki, lakini naona kuna mambo ambayo karata haziwezi kuyajua na mkuu wako wa kazi anayajua: kama unaweza kuripoti Januari baada ya harusi, kama kuna marupurupu ya nyumba, kama nafasi inaweza kurudi Nairobi baada ya miaka miwili. Muulize wiki hii. Fikiria pia mchumba atajisikiaje akisikia uamuzi ulipokwisha kutolewa, muda mfupi tu baada ya kupata habari zako kwenye daftari. Kumwambia sasa kuna hatari yake. Anaweza kuunganisha vyote akasema karata zimekupeleka Pwani. Kunyamaza nako kuna yake. Wapo wanandoa wanaoishi kwa treni ya SGR kati ya Syokimau na Mombasa, kwenda na kurudi, wengine imewachosha mapema. Hilo litategemea sana kazi anayofanya yeye na kama inahamishika, na katika barua yako yote, mwanangu, hukunitajia kazi yake.

Mama Mshauri